Je, Wajua? Rejesho la Kila Wiki, Kitunguu cha Miezi Minne

Je, wajua kwamba Tlawi ya Mbulu ilikuwa na mikopo kabla ya kuwa na benki, na hata kabla ya kuijua shilingi? Katika nyanda za juu za Mbulu, Wairaqw wamekopeshana ng'ombe kwa vizazi na vizazi. Mwenye mifugo mingi humkabidhi jirani ng'ombe jike. Anayemtunza hukamua maziwa na kuzoa samadi. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, ingawa mtunzaji mzuri anaweza kuzawadiwa mmoja, naye akaanzia hapo. Mgeni atadharau hiyo samadi. Lakini kwa mkulima wa Mbulu, ambako ardhi imebanana na shamba lile lile hulimwa mwaka hadi mwaka bila kupumzishwa, samadi ndiyo mtaji wenyewe.

Mkopeshaji naye hakuwa mjinga. Mifugo ikitawanywa kwa majirani, ugonjwa ukiingia kwenye zizi moja hauwamalizi wote. Na mwenye jicho baya, au mtoza kodi, akija kuhesabu, atahesabu wachache tu.

Mkopo huo haukuwa na tarehe ya rejesho. Ng'ombe akizaa, kuna hesabu. Asipozaa, watu husubiri. Hiyo tarehe iweke akilini, maana ndiyo tutakayogombana nayo safu nzima.

Je, wajua kwamba serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kumfanya Mwafrika asikopesheke? Ilikuwa Tanganyika, miaka ya 1920, kisha ikakazwa mwaka 1931. Chini ya sheria hiyo, mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani, ila kama ofisa wa serikali aliidhinisha mkopo huo kwa maandishi. Waliotunga walisema wanamlinda mwananchi dhidi ya wenye maduka. Matokeo yake kila mtu anaweza kuyakisia: mwenye duka akajua kuwa deni halina mahakama, akafunga daftari. Mkulima akabaki amelindwa barabara, na hana senti.

Je, wajua kwamba siku moja tu baada ya Azimio la Arusha, benki za kigeni zote Tanzania Bara zilikuwa mali ya umma? Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Tarehe 6 benki zikataifishwa. Barclays, Standard, Grindlays na nyinginezo zikamezwa na kuwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 20, mwananchi alikuwa na mlango mmoja wa kugonga. Kwa wakulima ilikuwapo Benki ya Maendeleo Vijijini, iliyoanzishwa mwaka 1971 na kugeuzwa CRDB mwaka 1984, lakini mikopo yake ilipita zaidi mikononi mwa vijiji na vyama vya ushirika. Muuza duka wa Mbulu mjini au fundi cherehani wa Katesh huko Hanang, mtu mmoja asiye kijiji wala chama, hakuwa na dirisha lake.

Je, wajua kwamba Hanang ilipata fedha nyingi sana za kilimo katika kipindi hicho hicho? Zilitoka Kanada, zikaenda kwenye ngano. Shirika la serikali la NAFCO lilifungua mashamba saba katika tambarare za Basotu na jirani zake, kila moja likiwa na ukubwa wa takriban ekari 10,000, pamoja na matrekta na mashine za kuvuna ambazo vijana wa Hanang hawakuwa wamewahi kuziona. Ardhi ilikuwa malisho ya Wabarbaig. Wakaenda mahakamani. Wanakijiji wa Mulbadaw walishinda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikawapa ushindi NAFCO mwaka 1985. Mashamba yale baadaye yakadorora, na serikali ikayaacha mikononi mwa wengine.

Hakuna mfugaji aliyekopeshwa hata mbuzi katika mradi huo.

Je, wajua kwamba Tanzania nayo ni nchi iliyohama kutoka uchumi wa dola kwenda uchumi wa soko, sawa na Polandi au Mongolia? Watu huzitaja nchi za Ulaya Mashariki na kutusahau sisi. Mwaka 1988 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Charles Nyirabu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, ichunguze mfumo wa mabenki. Ripoti ikatoka mwaka 1990, na sheria ya mwaka 1991 ikafungua milango kwa benki binafsi. NBC ilikutwa imejaa madeni yasiyolipika, mengi yakiwa ya mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Mdaiwa mkubwa ndiye aliyeiangusha benki, wala si mama wa genge. Hilo huwa halisemwi kwa sauti pale mama wa genge anapoombwa dhamana.

Je, wajua NMB ilizaliwaje? Mwaka 1997 NBC ilipasuliwa. Sehemu moja ikawa NBC mpya ya biashara, ambayo asilimia 55 ya hisa zake ilinunuliwa na ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000. Sehemu nyingine ikawa National Microfinance Bank, ikarithi matawi ya wilayani, yale ya walimu kupanga foleni tarehe za mshahara. Jina lilisema mikopo midogo, lakini mwanzoni ilikuwa benki ya kuweka na kutoa tu. Mikopo midogo ilianza kama majaribio mwaka 2000.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Waliopewa kazi ya kuiendesha NMB kuanzia mwaka 1999 walikuwa kampuni ya Marekani, Development Alternatives. Mwaka uliofuata, kampuni hiyo hiyo ikakabidhiwa Benki ya Kilimo ya Mongolia, iliyokuwa taabani baada ya mfumo wa kikomunisti kuanguka. Benki mbili za umma, moja ya wakulima wa Afrika Mashariki, nyingine ya wafugaji wa nyika za Asia, zikawa na madaktari wale wale. Dawa nayo ilifanana: usifunge matawi ya mbali, yatumie. Ile ya Mongolia iliuzwa kwa kampuni ya Kijapani mwaka 2003 na leo inaitwa Khan Bank. NMB iliuzwa mwaka 2005, asilimia 49 zikienda kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi. Mwaka 2008 hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Rabobank wenyewe wana asili gani? Ushirika wa wakulima. Karne ya 19 meya mmoja wa Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliwashawishi wanakijiji waweke akiba pamoja na kukopeshana, kila mmoja akimdhamini mwenzake. Waholanzi wakaiga, na silabi ya kwanza ya Rabobank ni ya jina lake. Kwa hiyo kupitia NMB, mawazo ya mzee huyo yalifika hadi nchi za Mbulu na Hanang, ingawa yalipofika yalikuwa yamevaa tai.

Khan Bank walifanya jambo moja ninalolionea wivu. Mfugaji wa Mongolia hupata fedha nyingi kwa mkupuo anapouza manyoya laini ya mbuzi katika majira ya kuchipua. Basi mkopo wa mfugaji ukapangwa ulipwe wakati huo. Ni jambo jepesi hivyo. Lakini nenda kaulize katika miji yetu midogo ni mkopo gani unaosubiri mnada.

Je, wajua rejesho la kila wiki lilitoka wapi? Bangladesh. Muhammad Yunus alianza kuwakopesha watu wa kijiji cha Jobra mwaka 1976. Benki ya Grameen ikapata sheria yake mwaka 1983, na Nobel ya Amani ikaja mwaka 2006. Kikundi cha watu watano, mkutano wa kila wiki, rejesho dogo dogo. Tanzania mtindo huo uliingizwa na PRIDE, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1993 kwa msaada wa Norwei na kuanzia kazi zake Arusha. Watano wanadhaminiana, vikundi kadhaa vinakutana chini ya paa moja, kila mtu na kijitabu chake. FINCA wakafuata mwaka 1998, BRAC mwaka 2006, na wengine tele.

Kwa mama lishe wa stendi ya Babati mtindo huu unafaa. Anauza leo, anauza kesho, rejesho la Jumatatu analitoa kwenye mauzo ya Jumamosi na Jumapili. Kwa muuza mitumba vilevile, na kwa bodaboda.

Sasa upeleke mtindo huo Tlawi.

Je, wajua kwamba Mbulu ni miongoni mwa wilaya zinazosifika nchini kwa kitunguu swaumu? Ukila pilau Dar es Salaam au Mwanza, kuna uwezekano umeonja udongo wa huko. Kitunguu swaumu huota kutokana na vipande vyake chenyewe, si kwa mbegu za pakiti. Mkulima anachukua sehemu ya mavuno mazuri, anaipanda tena. Maana yake, siku ya kupanda anazika ardhini bidhaa ambayo angeweza kuiuza siku hiyo hiyo. Kisha anangoja miezi minne hadi mitano, akipalilia na kumwagilia, halafu anavuna, anakausha, anauza. Pia anashindana na kitunguu cha China kilichokuja kwa meli, cheupe na kikubwa, ingawa wapishi wengi hukiona hakina harufu ya maana.

Huyu mkulima akipewa mkopo wa rejesho la kila wiki, wiki ya kwanza atalipa kwa nini? Atalipa kwa fedha ile ile aliyokopa. Wiki ya pili vivyo hivyo. Kitunguu kikiwa bado majani matupu, robo ya mkopo imesharudi benki na haikununua hata jembe. Afisa mikopo anaandika kwenye ripoti: mteja analipa vizuri. Analipa vizuri kweli, kwa kuuza kuku, kukopa kwa shemeji, au kuuza kitunguu kikiwa bado shambani kwa mchuuzi aliyekuja na bei yake mfukoni.

Maoni yangu ni kwamba riba, ambayo ndiyo hupigiwa kelele bungeni na vibarazani, si mlango wa kwanza unaomfungia mkulima nje. Mlango wa kwanza ni kalenda. Mikopo midogo iliundwa kwa ajili ya mtu anayeshika fedha kila siku, na anayeshika fedha mara mbili kwa mwaka akaambiwa ajibane aingie humo humo.

Je, wajua kwamba jambo hili limepimwa? Katika jiji la Kolkata, India, watafiti waliwapa baadhi ya wakopaji miezi miwili ya kupumua kabla ya rejesho la kwanza, wengine wakaanza kulipa baada ya wiki mbili kama kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Waliopewa nafasi waliwekeza zaidi katika biashara zao, na baada ya miaka kadhaa faida zao zilikuwa kubwa zaidi. Lakini walioshindwa kulipa nao waliongezeka zaidi ya mara tatu. Tusilifiche hilo. Mwenye benki anayekataa kumpa mkulima muda haoni kivuli, ameziona hesabu. Swali ni nani abebe hiyo hatari, na mpaka sasa jibu limekuwa kuku wa mkulima.

Jirani zetu Kenya walijaribu njia nyingine. Magharibi mwa nchi hiyo, eneo la Webuye, wakulima wa mahindi huuza wakati wa mavuno bei ikiwa chini kwa sababu ada ya shule haingoji, kisha miezi michache baadaye wananunua mahindi hayo hayo kwa bei ya juu. Shirika la One Acre Fund liliwapa mkopo wakati wa mavuno, yaani wakati ule ambao kila mtu angedhani mkulima hauhitaji. Wakaweka mahindi ghalani, wakauza bei ilipopanda, wakapata faida. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2019. Fedha zilifika kwa wakati tofauti, basi.

Turudi kwenye riba, maana najua kuna msomaji ameshaanza kuguna.

Je, wajua kwamba asilimia 3 kwa mwezi inaweza kuwa asilimia 5? Chukua mkopo wa Sh 1,200,000 kwa miezi 12. Mkopeshaji anasema riba ni asilimia 3 kwa mwezi ya kiasi ulichokopa mwanzo. Riba ya mwaka ni Sh 432,000. Jumla unalipa Sh 1,632,000, yaani Sh 136,000 kila mwezi. Inaonekana safi. Lakini mwezi wa saba hudaiwi tena 1,200,000; umesharudisha nusu ya mkopo, na bado riba inakatwa kana kwamba fedha zote zimo mfukoni mwako. Ukipiga hesabu kwa deni linalobaki kila mwezi, riba halisi ni takriban asilimia 5 kwa mwezi. Hapo hujaweka ada ya fomu wala bima ya mkopo. Mwenye kukutajia riba inayokokotolewa kwa deni lililobaki na mwenye kukutajia riba ya kudumu hawasemi kitu kimoja hata namba zikifanana. Anayekopa ana haki ya kuuliza: ni ipi kati ya hizo mbili? Kanuni za mwaka 2019 zinamtaka mkopeshaji aeleze gharama zote kabla ya mkataba kutiwa sahihi.

Je, wajua kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wote wadogo wamepangwa katika madaraja manne? La kwanza ni benki na taasisi zinazopokea amana. La pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha fedha zao bila kupokea amana za wateja. La tatu ni SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo. La nne ni vikundi vya kijamii, ambamo VICOBA vimo. Kabla ya hapo, mwenye kukopesha kwa kushikilia kadi ya benki ya mwalimu alikuwa anafanya kazi mahali ambapo sheria haikuwa imefika. Kwa daraja la pili Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi.

Kikomo kipo, wakopeshaji wa kausha damu nao wapo. Jina hilo walilibuni wakopaji wenyewe, hakuna profesa aliyehusika. Wengine wamehamia kwenye simu, wanakukopesha usiku wa manane na ukichelewa wanawatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye orodha yako ya namba, mkweo akiwamo. Novemba 2024 Benki Kuu ilizitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni na kuwaonya wananchi wasizitumie.

Je, wajua VICOBA vilianzia wapi? Niger, mwaka 1991, kwa wanawake waliokuwa wakifanya kazi na shirika la CARE. Kwetu vilitua kwanza Zanzibar, maeneo ya Jozani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha vikavuka bahari kuja Bara. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa, mfuko wa jamii, faini ya anayechelewa au anayeongea na simu kikaoni. Mwisho wa mzunguko wanavunja na kugawana. Uzuri wake ni kwamba riba inawarudia wenyewe. Udhaifu wake ni kwamba wote huhitaji fedha siku moja: wakati wa kupanda kila mwanachama ni mkulima, na Januari kila mwanachama ni mzazi. Sanduku la Tlawi lina fedha za Tlawi tu, na mvua ikikosekana Tlawi, imekosekana kwa wote wenye funguo.

SACCOS hujaribu kutatua hilo kwa kukopa nje. Kwa kawaida mwanachama hukopeshwa hadi mara tatu ya akiba zake, na zile mbili za ziada lazima zitoke mahali. Mfuko wa SELF, ulioanza kama mradi wa serikali kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na kuwa kampuni mwaka 2014, kazi yake ni hiyo: kuwakopesha wanaokopesha.

Je, unamjua Sero? Ni ng'ombe. Dokta Victoria Kisyombe, daktari wa mifugo, alifiwa na mumewe, na ng'ombe huyo ndiye aliyemsaidia kulea watoto kwa maziwa. Akagundua kwamba wajane wengi wanaomzunguka hawana ng'ombe wala hati ya kumpeleka mtu benki. Mwaka 2002 akaanzisha kampuni, akaipa jina la ng'ombe: Sero Lease and Finance. Badala ya kumkopesha mwanamke fedha na kumdai nyumba, kampuni inanunua cherehani, jokofu, pampu au mfugo, inampa autumie, analipia polepole hadi kiwe chake. Dhamana ni kifaa chenyewe. Wazee wa Mbulu wangeielewa biashara hiyo bila semina.

Je, wajua kwamba halmashauri yako inadaiwa na wewe? Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zote kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali iliisimamisha baada ya kuona fedha nyingi hazirudi na vikundi vingine vilikuwa vya makaratasi. Ikarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kasoro yake ya kimaumbile ni nyepesi kuiona: asilimia 10 ya jiji lenye viwanda ni mlima, asilimia 10 ya halmashauri inayotegemea ushuru wa mazao ni kichuguu. Kabla yake yalikuwapo yale yaliyoitwa Mabilioni ya JK, kwa jina la Rais Jakaya Kikwete, Sh bilioni 1 kwa kila mkoa katika mikoa 21 ya wakati huo, Manyara wenye Mbulu na Hanang ukiwamo. Mkoa wenyewe ulikuwa mchanga, umemegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Bilioni moja kwa mkoa mzima. Gawanya mwenyewe.

Hati ya kimila nayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inamruhusu mwanakijiji kuwa na hati ya shamba lake na kuiweka rehani. Wilaya ya Babati ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kupimwa kwa wingi. Benki huipokea kwa shingo upande, kwa sababu iliyo wazi: mkopaji akishindwa, nani mgeni atakayenunua shamba katikati ya ukoo wa watu? Kwa hiyo hati iko kabatini, na afisa mikopo anauliza kama una pikipiki.

Jingine la haraka. Desemba 3, 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliifunika Katesh, yakaua watu zaidi ya 80 na kusomba maduka na bidhaa. Bima ya mkopo, ile unayokatwa siku ya kwanza, kwa kawaida hulipa deni mkopaji anapofariki. Aliyenusurika akiwa hana duka, deni anabaki nalo.

Je, wajua kwamba mikopo midogo haikumtoa kila mtu kwenye umaskini, na kwamba sehemu ya ushahidi mzito ilitoka katika nchi zilizohama mfumo kama sisi? Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja tafiti za nchi sita: Bosnia, Mongolia, Ethiopia, Moroko, India na Meksiko. Hakuna hata moja iliyokuta maisha ya mkopaji wa kawaida yamebadilika kwa kiasi kikubwa. Watu walipata uhuru zaidi wa kupanga matumizi na biashara zao, wengine wakapanua maduka, lakini kipato kwa wastani hakikupaa. Mongolia walilinganisha mkopo wa kikundi na wa mtu mmoja mmoja: ulipaji haukutofautiana. Vile vikao vyote vya kudhaminiana, kwa hiyo, huenda vinamsaidia zaidi afisa mikopo kukutana na wateja 50 kwa asubuhi moja kuliko vinavyolinda fedha.

 

Na kwetu? Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 76 ya watu wazima Tanzania wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka 65 mwaka 2017. Wanaotumia benki hawafiki robo. Tofauti hiyo imejazwa na simu, tangu M-Pesa ilipoingia mwaka 2008. Simu inajua umetuma na kupokea kiasi gani mwezi huu, na hapo ndipo inapokadiria mkopo wako. Mkulima wa kitunguu mwezi wa tatu baada ya kupanda, kwa macho ya simu, ni maskini kabisa.

Mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga Sh trilioni 1 za kuzikopesha benki kwa asilimia 3 kwa mwaka, kwa sharti kwamba nazo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. NMB na CRDB zikashusha riba za kilimo hadi asilimia 9. Mashamba makubwa na vyama vyenye mahesabu yaliyokaguliwa vilifika dirishani mapema.

Aprili 28, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dodoma Benki ya Ushirika Tanzania, iliyojengwa juu ya Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro iliyokuwapo tangu miaka ya 1990. Hisa nyingi ni za vyama vya ushirika, yaani za watu wanaouza mara moja au mbili kwa mwaka. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, wenye benki na wakopaji wanangoja mvua ile ile.